Upande wa Kaskazini Umekaa

Sina digrii, na huwa nalisema hilo mwenyewe kabla mtu hajaniuliza. Nina stashahada ya usanifu majengo, niliyoisoma jioni Dar es Salaam baada ya kushinda mchana kutwa nikibeba zege kwenye majengo ya watu. Nilianza saidia fundi, nikawa fundi, nikawa msimamizi, halafu nikaingia ofisini na kukaa miaka mingi kwenye meza ya kuchorea. Yapo majengo kule mjini ambayo ukipita mbele yake unaona jina la mtu mwingine kwenye bango, lakini ngazi nilizichora mimi, madirisha niliyapanga mimi, na mahali pa tangi la maji nilipaona mimi wakati wenye digrii zao wanakuna vichwa. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya bila aibu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila kuyajua hutaelewa kwa nini lile bweni la Misunkumilo lilikuwa jambo kubwa kwangu kiasi kile.

Niliporudi Mpanda nilifungua ofisi Ilembo. Huku kwetu mtu yeyote mwenye kofia ngumu na karatasi kubwa ni injinia. Nimeeleza mpaka nimechoka kwamba mimi ni msanifu: injinia anahesabu ili jengo lisianguke, msanifu analiona jengo kabla halijakuwepo. Wananisikiliza, wanatikisa kichwa, halafu wanasema, "Sawa, injinia."

Jina la mtaani halikunisumbua sana. Lililonisumbua ni lile linalotambuliwa na bodi ya taaluma yetu. Mwenye stashahada anaandikishwa daraja la chini. Anaweza kuchora, anaweza kusimamia kazi, lakini hana muhuri, na mchoro wa ghorofa usio na muhuri ni picha tu ya kubandika ukutani. Ili nipande daraja nilitakiwa kuhudhuria mafunzo ya kila mwaka, kufanya kazi chini ya msanifu mwenye muhuri, na mwishoni kusimama mbele ya jopo nikiwa na jengo moja nililolisimamia tangu msingi, limekamilika na linatumika. Nyumba za chini nilizojenga, nzuri kama zilivyo, hazikutosha. Nilihitaji ghorofa.

Ghorofa ikaja yenyewe. Kuna sekondari pembezoni mwa Misunkumilo, pale nyumba zinapoishia na mahindi yanapoanza. Wazazi walikubaliana kujenga bweni la wasichana, maana watoto walikuwa wanatembea mbali mno kutoka vitongoji vya wafugaji. Eneo lilikuwa dogo, nikawashauri twende juu. Vyumba chini, vyumba juu, ngazi ya nje upande wa kusini. Vyumba vya kona niliviwekea madirisha pande mbili ili upepo upite, kwa sababu nalijua joto letu la Oktoba. Mwenye macho akiuona ule mchoro anajua ni mkono wa mtu aliyeiva.

Muhuri ulitoka kwa msanifu mmoja wa Dar es Salaam, mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Alikuja ofisini kwetu zamani akiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, hajui kuigeuza ngazi bila mpandaji kugonga kichwa kwenye dari, na mimi ndiye niliyemkalisha nikamfundisha. Sasa ana ofisi yake na bodi inamtambua. Nilipompigia alicheka.

"Kaka, leo unaomba muhuri kwangu?"

"Siombi. Nakupa heshima ya kupiga muhuri kwenye kazi nzuri."

"Majivuno yako hayajaisha tu! Haya, lete."

Alikagua kila karatasi, akarekebisha machache, akampelekea injinia wa mahesabu. Tukakubaliana kwamba mimi nitakuwa macho yake huku. Yeye atakuja mara mojamoja na mengine tutayamaliza kwa simu.

Kiwanja kilikuwa na kichuguu kwenye kona ya kaskazini. Mtu wa kwingine atadhani nasema kirundo kidogo cha mchwa. Vya kwetu vinaweza kuwa vikubwa kuliko nyumba, na miti imeota juu yake. Udongo wake ni mzuri kwa tofali, na kila mtu hapa anajua namna ya kukimaliza: unachimba mpaka unamfikia malkia wa mchwa, unamtoa, basi, kichuguu kimekufa. Kwa mkulima anayetaka kulima pale, hiyo inatosha. Kwa jengo haitoshi hata kidogo. Chini ya malkia kuna vyumba na njia zinazokwenda mbali, na hizo hazifi naye. Mchoro wetu ulisema tuondoe udongo wote wa kichuguu mpaka ardhi ngumu isiyo na tundu, kisha tujaze mawe na zege. Niliwasomea wazazi maneno hayo nikiwa nimesimama juu ya kichuguu chenyewe. Niliwaonyesha kwa kamba kina cha kufika.

Siku za kuchimba zilipofika nikaitwa Dodoma kwenye mafunzo. Ni ya lazima. Usipoenda, mwaka wako unapotea. Nilikaa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi nikimsikiliza mtaalamu akitueleza, kwa picha za rangi kwenye ukuta, jinsi majengo yanavyoanza kufa kutokea chini. Niliuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote mle ndani, na mtaalamu alinipongeza mbele ya wote. Nikarudi na cheti changu cha kuhudhuria. Nilipofika Misunkumilo shimo lilikuwa limeshajazwa, mawe yamepangwa juu vizuri, na wazazi wanasubiri pongezi.

Aliyenipokea alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee wa Kisukuma ambaye familia yao ilishuka huku na ng'ombe yeye akiwa mdogo. Mtu wa kicheko kikubwa, na mchapakazi kweli.

"Mwangaluka, injinia! Tumekumalizia kazi."

"Mmechimba mpaka mwisho, mzee?"

"Mpaka mwisho kabisa."

Nikamshukuru. Tukamwaga zege la msingi.

Bweni likapanda. Sitasahau miezi ile. Bodaboda walikuwa wanasimama barabarani wakinyanyua shingo. Slabu, ile sakafu ya zege ya juu, ilipomwagwa wanawake walipiga vigelegele, na mwenyekiti akapanda ngazi ya mbao akasimama juu akiangalia mashamba, akasema kutoka huku anamwona mpaka ng'ombe wake aliyepotea. Nilikuwa nikipita pale jioni hata kama sina kazi. Nilikuwa nalitazama tu. Ghorofa ya kwanza upande ule wa mji, na imetoka kichwani mwangu.

Aliyeniletea habari mbaya alikuwa mlango wa chumba cha kona, juu, kaskazini. Ulikuwa umefungwa vizuri, kisha ukaanza kugusa sakafu. Seremala akaupiga randa. Mvua za mwanzo ziliponyesha ukagusa tena. Mlango ukigusa mara moja unalaumu mbao. Ukigusa tena baada ya randa, unaanza kuangalia nyumba. Nikaweka pimamaji sakafuni, na lile tone la hewa likakimbilia kusini, upande uliobaki juu, likagota huko. Nikashuka, nikazunguka nje. Chini ya dirisha palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, unashuka kwa vidato ukifuata tofali.

Nilikata vipande vya kioo cha dirisha nikavibandika kwa plasta juu ya ufa. Ni njia ya zamani ya kujua kama ufa unatembea: ukuta ukitulia kioo kinabaki kizima. Nilipokuja kuviangalia, vyote vilikuwa vimepasuka katikati, kila kimoja kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikabandika vingine. Navyo vikapasuka.

Nikamfuata mwenyekiti nyumbani kwake.

"Mzee, kile kichuguu mlichimba mpaka wapi?"

"Si nilikwambia? Mpaka mwisho."

"Mwisho ni wapi?"

Alinishangaa. "Mpaka kwa malkia, injinia. Alikuwa mkubwa hivi," akanionyesha kidole gumba. "Tukamtoa. Shimo tukalijaza kwa udongo wake uleule, udongo mzuri, usingefaa kutupwa. Wanawake wakaukanyaga wakiimba mpaka ukashiba. Halafu ndiyo tukapanga mawe yako juu."

Nilikuwa naona jinsi kona nzima ya ghorofa, kuta zake na slabu yake, ilivyokalia udongo uliokanyagwa kwa miguu, na chini yake mashimo matupu yanayokunywa maji ya mvua. Nikamwambia kwa ufupi kwamba bweni halifunguliwi. Uso wake ukabadilika.

"Shule inafungua kesho kutwa. Watoto wameshaambiwa. Wengine wameshatoka kwao."

"Mzee, upande wa kaskazini umekaa. Na bado unaendelea kukaa."

"Haya," alisema, akanyanyuka. Nilijua nimemwudhi.

Nilimpigia yule mwenye muhuri wa Dar es Salaam, simu haipatikani. Naye alikuwa kwenye mafunzo ya mwaka, na huko simu huwa zinazimwa kuanzia asubuhi. Nikamwachia ujumbe anipigie. Mvua ilikatakata mtandao siku ile na ya pili yake. Sikujua kama umemfikia.

Siku ya kufungua shule nilikuta uwanja umejaa. Matranka ya bati, magodoro yamefungwa kwa kamba juu ya pikipiki, wasichana wamenyolewa vichwa vinang'aa, mama zao wameshika ndoo mpya. Nikasimama mlangoni.

"Jamani, hakuna kuingia. Jengo halijawa salama."

Mwenyekiti akapenya watu akaja mbele. Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Injinia, wewe tunakuheshimu. Lakini mimi nimeongea na mwenye muhuri mwenyewe. Jana jioni. Namba yake iko kwenye bango, nikampata."

"Amesemaje?"

"Nilimwambia, dada, huyu kijana wetu ana wasiwasi, anasema upande wa kaskazini umekaa. Akafurahi! Akasema, safi sana, kama umekaa ingizeni watoto."

Watu wakacheka, wakashangilia. Mimi papo hapo nilielewa kilichotokea, na katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyeweza kukielewa. Huku kwetu fundi akisema ukuta umekaa, anasema umeshuka, umeketi chini kama mtu aliyechoka. Dar es Salaam kitu kikikaa, kimependeza. Nguo imekaa. Wimbo umekaa. Nimeishi kote kuwili, nayajua maneno yote mawili. Mwenyekiti alitoa onyo, kwa Kiswahili chake safi, na mwenzake akapokea sifa.

"Mzee, hamkuelewana," nikasema. "Kule kwao kukaa ni kupendeza."

"Kwa hiyo sisi hatujui Kiswahili?" mama mmoja akadakia, ana tranka kichwani. Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Aliliteremsha tranka taratibu akanitazama. "Nikuulize, injinia. Kati yako na huyo mwenye muhuri, nani mkubwa?"

Jibu alikuwa nalo, na kila mtu pale alikuwa nalo.

"Na vile vioo unavyovibandika ukutani ni vya nini?" akaendelea, sauti imeshuka. "Watu wamekuona. Mtu gani anabandika kioo kwenye nyumba ya watoto?"

Kicheko kikakatika. Nyuma mtu akanong'ona kitu, mwingine akamwambia anyamaze. Kwetu neno la uchawi likianza kutembea halirudi.

Wakati huohuo nikasikia nyayo juu. Wasichana watatu wanne walikuwa wamenipita kwa ngazi ya nje, wameshafika, wanakimbizana kwenye korido wakigombania chumba cha kona. Mmoja akatoa kichwa dirishani, dirisha langu la upepo, akaita, "Baba! Hiki ndicho kizuri!" Alikuwa binti wa mwenyekiti. Godoro likaburutwa sakafuni. Sauti ya kuburuta ilishuka ndani ya ukuta mpaka kwenye kiganja changu nilichokuwa nimekiegemeza pale.

Nikapiga simu tena. Iliita. Alipokea akiwa kwenye mapumziko ya chai, kelele za vikombe nyuma yake, na mimi nikaweka spika ili wote wasikie.

"Kaka! Hongera bwana, nimeambiwa bweni limekaa!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Nilisubiri mpaka watu wakatulia.

"Limekaa chini," nikasema. "Limeshuka. Kona ya kaskazini inazama. Walichimba mpaka kwa malkia wakajaza udongo wa kichuguu."

Kelele za vikombe zilipungua; nadhani alitoka nje. "Kioo umebandika?"

"Vimepasuka. Vya mwanzo na vya pili."

"Ondoa spika."

Nikaondoa. Aliongea haraka, kwa sauti ya mtu ambaye si mwanafunzi wangu tena. "Kaka, nikilisimamisha nalazimika kuiandikia bodi leo hii. Jengo lililosimamishwa halipelekwi kwenye jopo. Umenielewa? Kazi yako yote hii haitahesabiwa, na sijui utapata lini nyingine. Na watauliza msimamizi alikuwa wapi siku ya kujaza shimo."

"Nilikuwa kwao, kwenye mafunzo."

"Ninajua. Watauliza vilevile. Nakuambia ili uwe umesikia kutoka kwangu."

Juu kule walikuwa wamelitupa godoro chini na wanaliruka. Nilisikia miguu ikitua yote kwa pamoja, kisha kicheko, kisha miguu tena.

"Wasichana wako juu sasa hivi," nikamwambia. "Andika."

"Nirudishe kwenye spika."

Akasema jina lake la kazi, akasema yeye ndiye mwenye muhuri, akasema hakuna mtoto wa kulala wala kuingia mle, na walioko juu washuke mmoja mmoja, wasikimbie. Sauti yake ilikuwa ndogo kwenye kile kispika, lakini hakuna aliyebisha. Yale yale niliyoyasema mimi kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama mbele yao, yaliingia pale yaliposemwa na mtu ambaye wengi wao hawajawahi kumwona. Wasichana wakashuka, wa mwisho binti wa mwenyekiti, amenuna. Nikafunga ngazi kwa mnyororo na milango kwa kufuli, funguo nikaziweka mfukoni. Matranka yakapelekwa madarasani. Mwenyekiti alipita karibu yangu bila kunitazama.

"Umetuaibisha mbele ya watoto, injinia."

Mwenye muhuri alikuja baadaye pamoja na injinia wa mahesabu. Wakachimba shimo la kupimia kando ya kona, wakaingiza fimbo ya nondo ubavuni, ikazama yote bila kugusa kitu. Wakaandika kwamba kona nzima ishikiliwe kwa magogo, ichimbuliwe upya chini kwa chini, ijazwe zege. Kazi ya kitaalamu, na kamati haina uwezo nayo mwaka huu. Jopo nalo lilikaa, wenzangu wakapanda daraja, mmoja wao kwa kituo cha mabasi chenye choo ambacho mlango wake umewekwa kinyume. Nimekiona kwa macho yangu. Mimi nimebaki pale pale. Sijutii. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe kutoka kwenye ndoo ya zege hatetemeki kwa sababu ya daraja.

Kinachonitetemesha ni kingine. Bweni bado limesimama. Mvua zote kubwa zimepita juu yake na limesimama. Ukipita barabarani huoni kitu. Ukuta umepakwa chokaa, mabati yanang'aa. Ufa sasa unapitisha kiganja, lakini uko upande wa mashambani, hakuna anayekwenda huko. Madarasa yanavuja na wasichana wanalala wamebanana juu ya madawati, wengine wamerudishwa kwao. Kila wiki inayopita bila kuanguka, watu wananiona mwongo zaidi. Sokoni nimeshasikia kwamba nilizuia bweni kwa sababu jina langu halikuwekwa kwenye bango. Nimesikia na lile la vioo.

Wiki hii mwenyekiti alinipigia. Hakunisalimia kwa Kisukuma kama zamani. Alisema kamati imekutana, wamepata fundi wa kuziba ule ufa kwa saruji, na baada ya hapo watoto wataingia. Alitaka nilete funguo, au watavunja.

"Mzee," nikamwambia, "ukiziba ufa hujazuia ukuta kushuka. Unauzuia tu usikuonyeshe."

"Maneno yako tumeyasikia mwaka mzima."

"Basi niambie jambo moja. Binti yako atalala chumba kipi?"

Mvua ilikuwa inapiga bati kwake na inapiga bati kwangu.

"Kile cha kona, juu," alisema. "Ameshakichagua. Ndicho ulichokiwekea hewa."